Taulo la Bibi Sumie

"Bibi, hilo kovu umelipatia wapi?"

Honoka alikuwa na miaka sita alipouliza hivyo, tena kwa sauti, katika bafu la wanawake kwenye chemchemi ya maji moto ya kijijini kwao. Wenzao walikuwa wamejituliza majini, vitaulo vimekunjwa utosini, kwani taulo haliingizwi majini. Bibi Sumie, dada wa babu yake, lake hulishikilia tumboni mpaka ukingoni, kisha huzama upesi kama mwizi. Siku ile lilimponyoka.

"Kidole tumbo," alijibu. "Oga."

"Kidole tumbo gani cha katikati?" akadakia Bibi Fusako, muuza tofu, ile jibini ya soya. "Changu kilikatwa huku pembeni. Sema tu Sumie, umeficha dhahabu!"

Bafu zima likacheka. Bibi akatoka hata mwili haujapata moto.

Tangu hapo lile swali lilimkaa Honoka kooni kama mwiba wa samaki. Kila alivyokua, ndivyo alivyoona mengine. Bibi aliolewa mara mbili, akarudishwa kwao mara mbili, hana mtoto. Na hakai kitako! Akimenya matunda ya makaki ya kuanika, huyaning'iniza darini, akayashusha, akayafunga upya, ilhali kamba haina kosa lolote.

Mwaka Honoka alipotimiza miaka kumi na sita, televisheni ilitangaza sheria mpya: serikali itawafidia wote waliofungwa kizazi bila ridhaa yao, enzi za sheria ya zamani iliyotaka watu "wasiofaa" wasizae. Bibi aliizima. Akaiwasha. Akaizima tena.

Wiki ile ile, yeye mwenyewe akamwita wakili. Alikuwa mwanamke kijana, Bi Wakatsuki, akapiga magoti kwenye mkeka na kunywa chai yake.

"Hospitali ile ilishavunjwa, Bibi, na majalada yalichomwa," alisema. "Ushahidi uliobaki ni kovu. Daktari alione, nawe useme mbele ya jopo la fidia lilivyotokea."

"Mbele za watu?"

"Mbele za watu, Bibi."

Babu akakohoa. "Sumie, dada yangu, yaliyopita si ndwele. Utaanika tumbo lako, kesho nani atamposa huyu mtoto?"

"Mimi sijamtuma mtu aniposee, Babu!" Honoka akaropoka.

"Nyamaza wewe!"

"Ndwele yangu haijapita, Kaka," Bibi akasema, mkono tumboni. "Iko hapa hapa." Lakini kwa wakili hakujibu ndiyo wala hapana.

Wakili alipoondoka, Bibi alizunguka nyumba. Akafagia palipofagiliwa. Akayagusa makaki. Honoka alimfuata kwa macho mpaka kizunguzungu kikamshika. Mara Bibi akasimama mlangoni.

"Chukua ndoo yako. Twende tukaoge."

Bafuni walikuwamo walewale, wamezeeka tu. Bibi Fusako hakumwacha: "Karibu, mwenye dhahabu!"

Bibi Sumie alifika ukingoni. Vidole vyake vilikuwa vikilivuta taulo, vikiliachia, vikilivuta. Kisha akalikunja mara mbili, akalitua utosini, akabaki amesimama vile vile, kovu lake refu limeshuka kutoka kitovuni, jeupe kama uzi. Maji yakasikika yakitiririka.

"Honoka," Bibi akasema, kwa sauti ya kusikiwa na kila mtu. "Uliniuliza, nikakudanganya. Nilikuwa na umri wako. Sikio hili halisikii, basi mwalimu akasema mimi ni mzito wa kichwa. Wakanipeleka hospitali, wakaniambia kidole tumbo, wakanifunga kizazi. Baba hakuniuliza. Daktari hakuniuliza. Waume zangu walinirudisha, nao hawakuniuliza. Katika maisha yangu yote, mjukuu wangu, wa kwanza kuniuliza ni wewe."