Nyongo Kwenye Kikombe

Mama mkwe wangu alikuwa mtu wa usafi uliopita kiasi. Nilipoolewa mtaa wa Nsemulwa, miaka ya tisini mwanzoni, chombo nilichokiosha mimi alikinusa kwanza ndipo akitumie.

Huyo ndiye aliyeugua ugonjwa wa kutia kinyaa. Alipasuliwa kutolewa mfuko wa nyongo uliojaa mawe. Kidonda cha nje kilipona, lakini ndani kovu likabana mrija unaoteremsha nyongo tumboni. Macho yakawa ya njano, akajikuna mpaka damu, choo chake kikawa cheupe kama chokaa. Daktari akamtoboa ubavuni, akaingiza mpira mwembamba ili nyongo itokee nje mpaka apate nguvu ya kupasuliwa tena. Tukarudi nyumbani chupa ya plastiki ikining'inia kiunoni mwake.

Kuimwaga nyongo iliyojaa humo ilikuwa kazi yangu. Kitu cha kijani, kizito, chenye utelezi. Kikinigusa kidole nilinawa mpaka ngozi ikauma, na bado nilishindwa kula kwa mkono ule.

Badala ya kupata nafuu, mama akazidi kukonda na kulegea. Tulipomrudisha hospitali, daktari akaniuliza nyongo naipeleka wapi.

"Chooni, daktari."

"Usiimwage tena. Mwili wake unaihitaji. Ichuje ingali mpya, changanya na kitu kitamu, anywe."

Nilidhani nimesikia vibaya. Mama hakudhani, aligeukia ukutani.

Nyumbani niliikoroga kwenye uji wa sukari. Ukageuka rangi ya mavi ya ndama. Wifi yangu, aliyekuja kutoka Shanwe kumwona mama yake, akapiga kelele: "Nyie mnamlisha mama uchafu!"

Mama akanitazama. "Mwanangu, wewe ungekunywa hiki?"

"Hapana, mama."

"Afadhali umesema kweli."

Akaziba pua, akanywa. Ikarudi yote, ikanimwagikia miguuni. Nilikimbia nyuma ya jiko nikatapika, na huku natapika nikamsikia akiita kwa hasira: "Lete nyingine! Hiyo ya moto inanuka. Ipoze mtungini, utie limau."

Ya baridi ilikaa. Tangu hapo alikunywa akitupa mgongo, hataki mtu amwone, kisha anasukutua kinywa kwa chumvi na kutema muda mrefu. Mimi nilichuja nikiwa nimefumba jicho moja. Sikuizoea hata siku moja.

Lakini nguvu zilirudi. Mume wangu akampeleka kwa treni hospitali kubwa ya mbali, wakakata sehemu iliyobanwa na kuunganisha mrija na utumbo. Alirudi macho meupe, ubavu hauna mpira.

Majirani walipokuja kumpa pole, mmoja akauliza ni dawa gani iliyomsaidia kabla ya safari. Mama akanikazia macho.

"Limau," akasema, akaagiza waletewe chai.