Mwarobaini wa Mama Mkwe

Mwarobaini nilimfundisha mimi mama mkwe wangu. Niliseme hilo mapema, maana kwa miaka mingi nimelikwepa.

Ilikuwa mwanzoni mwa soko huria, kule Lalago nilikoolewa. Chama cha ushirika kilichokuwa kikitukopesha dawa ya pamba kilikuwa hoi, na wanunuzi binafsi walijali mizani yao tu. Funza wakaingia kwenye vitumba vya pamba. Ukipasua kimoja unamkuta yumo, mnene, amejistarehesha kama mwenye shamba.

Nyumbani kwetu bwana shamba alikuwa ametufundisha: twanga majani ya mwarobaini, loweka hadi kesho yake, chuja kwa kanga kuukuu, kwangulia sabuni ya mche ili maji yashike jani. Nyunyizia jioni, maana jua kali linaua nguvu yake. Mimi nilikuwa na mimba ya miezi minane. Mama mkwe akasema, "Kaa, mwanangu. Nitakwenda mwenyewe." Bomba la kupulizia hatukuwa nalo, kwa hiyo alichovya kitita cha matawi ndooni na kurashia mche mmoja mmoja, akihesabu mistari kwa sauti ya chini asije akarudia.

Mjane, macho mekundu kwa moshi wa kuni, peke yake shambani jua likizama, midomo inacheza. Majirani hawakuhitaji zaidi ya hapo. Pamba yetu iliponusurika na yao ikaliwa, wakasema funza anawatuma yeye.

Walikuja asubuhi, mume wangu na kaka zake wakiwa nyuma yao, kimya. Wanawe wa kuwazaa! Nawachukia kwa kimya kile, ingawa sina haki.

"Humu ndooni mna nini?"

"Mwarobaini," akajibu mama mkwe. "Muulizeni mkwe wangu, ndiye aliyenifundisha."

Wote wakanigeukia. Nilijua wasiponiamini tutakuwa wachawi wawili. Nilishika tumbo langu, nikasema, "Mimi sijui."

Hakunilaumu. Aliingia ndani kufunga kanga zake mbili. Walimpa hadi saa sita mchana awe ameondoka. Alikwenda kwa kaka yake, kijiji cha Kimali, akafia huko kabla ya mvua nyingine, mjukuu wake hajamwona.

Pamba yake niliichuma mimi. Ilikuwa nyeupe, safi, daraja la kwanza.