Sauti Niliyompa Msichana wa Katuni

Nimekuwa na ulimi mkali tangu utotoni, na nilipofika kidato cha pili niliupatia kazi. Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana, wasichana wa mtaa wetu wa Kibarani walikuwa wakija kwetu kutazama katuni za Kijapani. Televisheni yetu ilikuwa kubwa kuliko za majirani, na saa hizo mama yangu alikuwa kanisani kwenye mazoezi ya kwaya. Mimi nilikuwa nikizima sauti, nasimama kando ya kioo, nawasemea wahusika wote kwa Kiswahili, vile wanavyofanya madijei wa vibanda vya video na sinema za Kichina. Kijapani sikijui hata neno moja. Maandishi ya Kiingereza yalipita chini ya picha na sikuyajali, kwa kuwa maneno yangu yalichekesha zaidi.

Katuni tuliyoipenda ilihusu wasichana wanne wa shule wanaotunza bustani ya mboga ambayo haioti kitu. Basi, hakuna zaidi. Wanamwagilia, wanapiga soga, wanakula mikate, mmoja anajikwaa kwenye matuta, kipindi kinaisha. Hakuna anayekufa, hakuna anayeachwa, na ugonjwa mkubwa kabisa ni mafua. Yule wa kujikwaa alikuwa na miwani mikubwa na kopo la kumwagilia ambalo haliachi mkononi. Huyo nilimpa sauti ya binamu yangu.

Binamu yangu alikuwa binti wa mjomba, kaka wa mama. Aliletwa kwetu kutoka kijijini Ganze, kwenye ukame, ili akae karibu na shule, tukawa tunalala chumba kimoja. Alizungumza polepole, akivuta maneno kama wanavyovuta watu wa huko. Na sisi asili yetu ni huko huko, lakini tulikuwa tumehamia mjini, na aliyehamia mjini juzi ndiye mwenye dharau kupita wote. Jambo lililonichekesha zaidi ni kwamba hakuweza kuona maji yakimwagika. Maji aliyooshea mchele alisuuzia vyombo, na aliyosuuzia vyombo alimwagilia mchicha. Uso alinawa kwa kikombe kimoja. Mtu akiacha bomba wazi, aliruka kutoka popote alipo kwenda kulifunga.

Mama alimpenda kwa hilo. "Muangalie mwenzio," alikuwa akiniambia, "hamwagi hata tone. Wewe utadhani babako ndiye aliyeichimba bahari." Nilimchukia binamu yangu kwa maneno hayo. Sitafuti neno laini, nilimchukia.

Kwa hiyo msichana wa miwani akawa mtu wa Ganze. Akiinua kopo lake, mimi huku namsemea kwa sauti ya kuvuta: "Msimwage, jamani! Hayo tutapikia kesho!" Wasichana waligaagaa mkekani. Binamu yangu naye alicheka, tena kwa moyo, mikono imefunika mdomo. Aliipenda katuni ile kuliko sisi sote. Nilipomuuliza sababu, alisema: "Kwao hakuna baya linalotokea. Wakianguka, wanainuka."

Siku moja tulikuwa tukifua sare nyuma ya nyumba, nami nikaacha bomba likitiririka makusudi ili nimuone akiruka. Akaruka, akalifunga, kisha akakaa chini kwenye saruji na kuanza kulia. Nilimuuliza ana nini, na udadisi ulikuwa mwingi kuliko huruma. Akaniambia.

Kwamba alikuwa na mdogo wake wa kiume aliyekufa maji nilijua, sote tulijua, tulikwenda kwenye mazishi. Nilichokuwa sikijui ni namna ilivyokuwa. Mwaka ule wa ukame walikuwa wamekwenda wawili kwenye silanga, lile bwawa la kuchimbwa linalokusanya maji ya mvua. Maji yalikuwa yamebaki katikati tu, na pembeni ni matope. Alikuwa ameshapanga foleni tangu asubuhi, mtungi umejaa, anaupandisha. Mtoto akateleza nyuma yake, na mtungi nao ukaanza kuteleza. Binamu yangu aliushika mtungi. Aliusimamisha vizuri, akaufunga kifuniko, ndipo akageuka.

"Mama yangu kule nyumbani anajua nilikuwa mbali," aliniambia. "Nilimwambia nilikuwa mbali, juu huko. Akijua nilikuwa pale pale, na nikafunga kifuniko kwanza, atakufa. Umesikia? Atakufa." Nikamwapia kwamba sitamwambia mtu yeyote. Na kwa kweli sikumwambia mtu yeyote.

Wiki tatu baadaye kikaja kipindi cha kidimbwi. Wale wasichana wa bustani wamekwenda kuteka maji kwenye kidimbwi cha samaki cha shule. Msichana wa miwani anateleza pamoja na rafiki yake mdogo kuliko wote. Rafiki anatumbukia, kopo linaelea. Msichana wa miwani anatazama huku, anatazama kule, halafu analikumbatia kopo. Ndivyo walivyochora wenyewe Wajapani, utani wao, na rafiki anaibuka na jani kichwani akitema maji.

Nilikuwa na muda wa kunyamaza. Picha ilikaa pale, uso wa yule msichana ukigeuka huku na huku, na mimi nilimuona binamu yangu mkekani ameacha kutabasamu. Nilijua kabisa ninachotaka kusema. Wasichana kumi na moja walikuwa wakinitazama wakingoja kicheko, na kicheko kilikuwa tayari mdomoni mwangu. Nikasema kwa sauti yake, ile ya kuvuta: "Mtoto baadaye! Maji kwanza!"

Sijawahi kuchekesha watu kama siku ile. Mmoja alijikojolea kidogo, akakimbia msalani, jambo lililowachekesha wengine zaidi. Binamu yangu hakutoka. Alikaa mkekani mpaka kipindi kikaisha, kisha akakunja mkeka kama kawaida yake na kufagia makombo ya njugu.

Msichana mmoja alikuwa amerekodi kwa simu. Kufikia Jumatatu klipu ilikuwa imezunguka shule nzima, na wanafunzi wakipishana na binamu yangu penye bomba walikuwa wakimrushia maneno yale. Hawakujua chochote, waliona ni utani wa lafudhi tu. Tuliojua tulikuwa wawili. Jioni alinishika mkono jikoni. "Zuia isifike kwetu," alisema. "Mama asiione." Nami, badala ya kuona haya, nikamjibu: "Ganze nani ana bando la kutazama video?" Nakumbuka hata namna nilivyoendelea kumenya viazi.

Shule zilipofungwa alikwenda kwao, na zilipofunguliwa hakurudi. Mjomba alipiga simu kusema binti hataki, anasema atakaa amsaidie mama yake, na wamembembeleza mpaka wamechoka. Mama yangu alilia siku mbili. Mimi nilipata chumba chote peke yangu, nikahamishia nguo zangu kwenye rafu zake.

Ilinichukua miaka saba kwenda Ganze. Nilikuwa nimeshaanza kazi Malindi, kwenye duka la dawa, na nilikuwa nimechoka kuamka na jambo lile. Nilijitayarishia hotuba nzuri ya msamaha. Nilinunua kilo nne za sukari na leso jozi mbili, nikaenda.

Nilimkuta mkaza mjomba, mama yake binamu, ameketi barazani anapukuchua mahindi. Alikuwa amezeeka haraka. "Shikamoo, mkaza mjomba." "Marahaba, mwanangu. Karibu, karibu kitako." Binamu yangu akatoka ndani akinibebea maji ya kunywa, kikombe kimejaa hadi ukingoni. Alinisalimu vizuri tu. Nikanywa yote kwa woga.

Kabla sijafungua hotuba yangu, mkaza mjomba akaniambia kwa furaha kwamba ananijua, mimi ndiye yule wa katuni. Kijana wa jirani alimwonyesha kwenye simu, zamani hizo, mwaka ule ule. "Nilipomzika mwanangu, mimi nilisahau kucheka," alisema. "Watu wanacheka, nawatazama tu. Siku nilipomsikia yule wa miwani anasema kama mtu wa kwetu, mtoto baadaye maji kwanza, wee! Nilicheka hadi mbavu zikaniuma. Mpaka leo nikitaka kucheka, huyu binti yangu hunisemea. Lakini yeye hajui kuisema kama wewe." Akaweka gunzi chini. "Hebu nisemee wewe mwenyewe."

Nikamtazama binamu yangu. Miaka saba, kumbe, alikuwa akimsemea mama yake maneno yale, kwa kinywa chake mwenyewe, kila alipoombwa.

"Mkaza mjomba, nimesahau," nilisema.

"Hajasahau," alisema binamu yangu. Hakupandisha sauti. "Msemee. Mama anapenda."

Nikasema. Sauti ilitoka sawasawa, ya kuvuta vile vile, haikunisaliti hata kidogo. Mkaza mjomba alicheka akapiga mapaja, punje za mahindi zikamwagika kutoka kwenye ungo, akafuta machozi kwa ncha ya leso na kuniomba nirudie. Nikarudia. Mara ya tatu binamu yangu ndiye aliyeniashiria kwa kidevu nirudie, na hakuniondolea macho hadi nilipomaliza.

Alinisindikiza mpaka barabarani akiwa amenibebea kikapu changu. Nikaanza hotuba yangu njiani. Nilifika kwenye neno la pili.

"Usiniombe msamaha," alisema. "Nikikusamehe utakwenda zako. Njoo kila Pasaka umsemee mama. Mimi nimechoka."

Akanipa kikapu na kugeuka. Nimekwenda Pasaka nne sasa, na mkaza mjomba bado ana afya njema.