Shikamoo ya Juu ya Baiskeli

Mama mkubwa aliyenilea alikuwa na sheria moja ya barabarani, na wala haikutungwa na serikali: mkubwa haamkiwi kutoka juu ya baiskeli. Kijijini kwetu Kitaya ukimkuta mtu mzima njiani unashuka, unatoa shikamoo yako, unaisukuma baiskeli hatua mbili tatu, ndipo unapanda tena. Nilichapwa kwa hilo nikiwa mdogo, tena mbele ya watu.

Ukubwani nikawa mtu wa mjini, mtaa wa Rahaleo, mwenye baiskeli ya umeme. Ilikuja imezuiwa isikimbie kuliko baiskeli ya kawaida, nami nikaona nimedharauliwa. Nikaipeleka kwa fundi mmoja wa mtaa wa Chikongola. Akakata waya mmoja mwembamba, akanikabidhi kipande.

"Sasa hii pikipiki, bosi."

Nikacheka. Nikikumbuka kicheko kile natamani kujizaba kofi.

Mama mkubwa alikuja kukaa nami wiki mbili, akisubiri mvua akapande mihogo yake. Asubuhi moja alikuwa anarudi na vitumbua, anatembea barabarani kabisa, maana pembeni pamejaa meza za biashara na magari yaliyoegeshwa. Pikipiki hazikumsumbua, alizisikia, akazipisha. Yangu haina sauti. Nilimtambua kwa mgongo tangu mbali, na breki ninazo mkononi. Badala ya kupunguza mwendo, nilipaza sauti kwa madaha: "Shikamoo, mama!"

Akafanya alichokifanya maisha yake yote. Alisimama, akageuka kuja upande wangu aipokee salamu, akisubiri mwanawe ashuke.

Sikushuka. Nilimgonga.

Nyonga ilivunjika. Ndugu walijaa hospitali na msemo wao ule ule, ajali haina kinga. Kinga ilikuwepo. Niliikata mwenyewe, na kipande chake kilikuwa bado mfukoni mwangu. Jirani mmoja akasema wazee wa siku hizi wangekaa tu ndani, barabara si zao. Nami, Mungu anisamehe, nilitikisa kichwa kukubali.

Mvua zilinyesha bila yeye. Shamba la Kitaya limeota majani, na daktari amesema jembe asahau. Anatembea kwa gongo kutoka kitandani mpaka uani, basi. Waya nimeurudishia, baiskeli inakwenda taratibu, kila mtu ananipita. Haimsaidii kitu.

Kila asubuhi, kabla ya kutoka, nasimama nje ya chumba chake. Pazia limeshushwa, hanioni.

"Shikamoo, mama."

Kisha sauti yake inatoka, haina hasira hata kidogo, na hilo ndilo linaloniua.

"Umeshuka?"

"Nimeshuka, mama."

Ndipo anaitikia marahaba.