Besi Yangu Bila Mimi

Kwa miaka kumi na miwili nilibeba amplifaya yenye uzito wa mfuko wa saruji, na mgongo wangu bado unazikumbuka ngazi zote za katikati ya mji. Chumba chetu cha mazoezi kilikuwa ghorofa ya nne ya jengo lisilo na lifti, nyuma ya maduka ya simu. Mpiga solo alipanda akipiga mluzi, gitaa begani. Mwimbaji alipanda na koo lake tu. Mimi nilipanda kwa awamu, nikipumzika kila ghorofa, nimelikumbatia lile sanduku na gitaa langu la besi limening'inia mgongoni. Pale chini palikuwa na muuza vitambaa, mzee wa kutoka pwani, ambaye hakuchoka kunitania. "Mwanangu, huyo bibi mnene bado hujamwacha?" Nilicheka kila mara, kwa sababu ni mzee, na kwa sababu kucheka kulinipa nafasi ya kuvuta pumzi.

Sikuubeba mzigo ule kwa ujinga. Katika bendi za Nairobi, mwenye vyombo ndiye mwenye neno. Asiye na chombo chake hupangiwa, huhamishwa, huambiwa leo pumzika. Nami nilikuwa nimeona wapiga besi wakipotea mmoja mmoja hapa mjini. Harusi za siku hizi zinataka bendi ya watu watano, na wa kwanza kukatwa ni yule ambaye bwana harusi haelewi anafanya nini pale nyuma. Kwa hiyo nilijinyima, nikanunua vyombo vyangu mwenyewe, nikajiambia kwamba sasa hakuna wa kunitoa. Nafasi ile nyuma ya jukwaa, kati ya ngoma na kinanda, ndiyo ilikuwa maisha yangu. Sina ufundi mwingine, na sioni haya kulisema.

Baba alikuwa karani wa serikali aliyestaafu, mtu wa mafaili na kalamu nyekundu. Mama alipofariki, alitoka Ukambani akaja kuishi nami Kinoo. Kazi yangu hakuipenda wala hakuikataza. Kilichomuudhi ni sufuria. Nyuzi za besi zikizeeka huwa butu, ukipiga ni kama unagonga godoro, na nyuzi mpya si kitu cha kununua kila mwezi. Basi tunazichemsha. Unazitoa kwenye gitaa, unazikunja, unazitia kwenye maji yanayotokota, na baada ya dakika kumi jasho na uchafu wa vidole vimetoka, zinalia vizuri tena kwa wiki mbili hivi. Siku ya kwanza baba aliingia jikoni, akafunua kifuniko, akaniangalia. "Leo tunakula nini, waya?" Jioni ile alikunywa chai akasema ina ladha ya gitaa.

Alikuja kutusikiliza mara moja tu, kwenye harusi moja mchana kule Dagoretti. Alivaa koti na tai. Nilipomuuliza ameonaje, alifikiri kwanza, kama mtu anayetafuta faili. "Gitaa nimelisikia. Ngoma nimezisikia. Huyo wa kuimba, usiseme. Wewe sikukusikia." Nilimjibu kwamba besi husikika siku isipokuwepo. Nilijiona nimesema jambo la maana sana.

Mwaka uliofuata akalazwa katika hospitali kubwa kule Upper Hill. Dada yangu alikaa naye asubuhi, mimi mchana. Mchana ndio wakati wetu wa mazoezi, kwa hiyo nikakosa mara tatu mfululizo, na mara zote tatu sikulala vizuri. Nilikuwa nalala nikimfikiria baba, naamka nikiifikiria bendi. Nasema ukweli.

Ndipo kiongozi wetu aliponipigia. Huyu alipiga gitaa la kusindikiza, lakini kipaji chake hasa kilikuwa mdomo. Angeweza kukuuzia kivuli chako mwenyewe ukashukuru.

"Bro, skiza. Wewe shughulikia mzee, hiyo ndio ya maana. Lakini kuja siku moja tu, urekodi laini zako zote, huyu msee wa kinanda aziweke kwa mashine yake. Ukikosa shoo, besi bado iko. Place yako hakuna mtu ataguza."

Nilimshukuru. Nilimwambia Mungu ambariki.

Mtu mwenye akili timamu angeenda pale akapiga ovyo ovyo. Angeacha nyuzi zake na uchovu wao, akakosea hapa na pale, ili waliobaki wamkose. Mimi niliamka alfajiri nikachemsha nyuzi. Nilipanda zile ghorofa nne na amplifaya yangu, nikachomeka waya wake kwenye mashine ya mpiga kinanda, na nikapiga kuliko nilivyowahi kupiga maishani. Mpiga kinanda, mtu mpole wa miwani aliyejifunzia kanisani, alikuwa akisema, "Hiyo imetosha, boss," nami namwambia hapana, kidole kimeteleza, turudie. Nyimbo ishirini na mbili. Nyingine nilizirudia mara nne. Ndivyo tulivyo sisi, hatuwezi kuacha noti mbaya nyuma yetu hata kama hakuna anayeisikia. Nilikuwa nachimba kaburi langu huku nikilainisha kuta.

Wimbo wa ishirini na moja ni wetu wenyewe, wa kuchezesha watu. Karibu na mwisho vyombo vyote hunyamaza, besi inabaki peke yake kidogo, halafu wote wanaingia tena kwa nguvu. Nilikuwa nimefika hapo, peke yangu, wakati amplifaya ilipoanza: tititi, tititi, tititi. Kila mtu aliyewahi kuweka simu karibu na redio anaijua sauti hiyo. Simu inataka kulia. Yangu ni kabambe, ile ndogo ya vibonyezo, na nilikuwa nimeizima sauti na kuiweka juu ya amplifaya. Niliona taa yake ikiwaka.

Sikuishika. Nilipiga hadi mwisho wa wimbo.

"Twende ya mwisho tumalize," kiongozi akasema, na nikaenda. Na kwa sababu sikupenda jinsi nilivyoumaliza, nikaurudia. Kisha nikafuta vidole kwenye suruali, nikachukua simu. Dada alikuwa amepiga mara tatu.

"Ulikuwa wapi wewe?" Hakuwa akilia. "Baba alisema nikupigie. Alikuwa na kitu anataka kukuambia."

"Nipatie yeye."

Nikasikia mtu akiburuta kiti kule wadini.

"Ameshaenda," akasema.

Hadi leo sijui ni kitu gani. Dada alimwomba ampe yeye ujumbe, akakataa, akasema anipigie mimi mwenyewe. Huenda ilikuwa habari ya hati ya shamba. Huenda alitaka tu nimletee chai isiyo na ladha ya gitaa. Nimekisia kila kitu, na kila ninachokisia kinanichoma kwa namna yake.

Bendi yetu ina desturi. Aliyefiwa hashiki chombo mwezi mzima. Wenzake ndio wanaompigia, yeye anaketi na jamaa zake kama mtu mwingine yeyote. Mpiga ngoma alipofiwa na mama yake tulifanya hivyo, na mimi nilipiga besi siku ile hadi vidole vikatoka malengelenge. Basi nami waliniheshimu. Walikuja hadi mazishini Ukambani, wakafunga vyombo chini ya turubai, na walipoanza wimbo wa kanisa aliopenda baba, nikaisikia besi. Yangu. Kila noti ilikuwa mahali nilipoiweka. Nililia mbele ya shangazi zangu wote, na sehemu ya kilio kile, Mungu ananijua, ilikuwa shukrani. Nilidhani wameleta mikono yangu imzike baba.

Mwezi ulipokwisha nikachemsha nyuzi na kumpigia kiongozi. "Bado tunakupa time, bro. Usijipush." Nikangoja. Mwezi wa pili akasema kuna shoo, lakini jukwaa lake ni dogo. Mwezi wa tatu jukwaa likawa dogo zaidi. Mwezi wa nne hakushika simu, akatuma ujumbe wa neno moja, pole. Hakuna aliyenifukuza. Ningefukuzwa ningekuwa na la kusema. Utampinga vipi mtu kwa kukuhurumia?

Jumapili moja alasiri nikaenda kujionea. Walikuwa wanapiga Dagoretti, kwenye uwanja wa nyama choma karibu na machinjio, mahali ambapo familia huja baada ya kanisa na watoto hukimbizana kati ya meza. Nilikaa nyuma kabisa, nikaagiza soda. Wako watano. Pale paliposimama amplifaya yangu miaka yote ile palikuwa na kreti la maji ya kunywa.

Na besi ilikuwepo. Nzito, safi, haikosei, haichoki, haina mzazi mgonjwa. Nilikumbuka nilivyomjibu baba na koti lake. Besi husikika siku isipokuwepo, eti. Walikuwa wameondoa mtu wakabakiza besi, na hakuna aliyesikia tofauti yoyote.

Kisha wakaingia wimbo wa ishirini na moja. Vyombo vikanyamaza, nikabaki mimi peke yangu kwenye zile spika, na ikaja: tititi, tititi, tititi. Watu wote uwanjani wakatikisa bega la kulia. Akina mama waliotoka kanisani, vijana, hata mchoma nyama na kisu chake. Mara tatu, kwa pamoja, kisha wakapiga kelele za furaha vyombo vilipoingia. Walikuwa wameshautengenezea mtindo.

Niliishika chupa ya soda kwa mikono miwili.

Walipopumzika, kiongozi aliniona akaja mbio, mikono wazi. "Bro! Ungesema unakuja. Unaona vile unatubeba? Wewe hujawahi toka kwa hii bendi." Alikuwa akimaanisha. Hilo ndilo nisiloweza kumsamehe, kwamba alikuwa akimaanisha.

Sikumwuliza habari ya nafasi yangu. Nilikuwa nimekuja na hotuba nzima, nimeifanyia mazoezi tangu Kinoo, na yote ilikuwa imetoka kichwani. Nilimgeukia mpiga kinanda, aliyekuwa akifuta miwani yake nyuma ya kiongozi, nikamwambia ule wimbo autoe. Zile nyingine ishirini na moja wakae nazo, ule mmoja autoe.

"Ati ule?" Alishangaa kweli. "Ule ndio wanaitisha kila mahali, boss. Hiyo tititi watu wanadhani tuliiweka makusudi."

"Ni simu."

"Najua ni simu. Nilijaribu kuitoa, nikaona imekaa fiti."

Ningemwambia ni simu ya nani. Lakini mtu akishajua kitu kama hicho atakupa pole, na pole za watu wale ndizo zilizonifikisha kwenye kiti cha nyuma. Nikasema basi.

Wakarudi jukwaani. Kiongozi akashika maikrofoni, akanionyesha kwa kidole. "Jameni, mpiga besi wetu yuko hapa leo! Mpigieni makofi!" Watu wakageuka, wakanipigia makofi. Mama mmoja wa meza ya mbele alisimama kabisa. Katika miaka kumi na miwili ya kubeba mzigo ule, ilikuwa mara ya kwanza uwanja mzima kunishangilia, na mikononi nilikuwa na chupa ya soda. Kwa heshima yangu, kiongozi akasema, wataurudia ule ambao kila mtu anaupenda.

Nilijua mahali tititi ilipo. Nilihesabu kila mstari nikiwa nimeganda pale, nikijiambia safari hii sitasikia. Vyombo vikanyamaza. Tititi, tititi, tititi. Mabega yakatikisika uwanja mzima, watoto wakacheka, na mimi nikakuta mkono wangu umeshaingia mfukoni, umeitoa simu na kuibonyeza, na nimeiweka sikioni nikisema, "Baba."