Nilivyonunua Sadaka ya Mama

Mama alipotangaza kwamba atampeleka jogoo wa marehemu baba kanisani awe sadaka ya shukrani, nilidhani anatania. Jogoo yule alilala jikoni, na kila asubuhi Mama alimsimulia habari za majirani, kama alivyokuwa akimsimulia baba. Kwangu mimi alikuwa shetani mwenye manyoya. Kila nilipotoka Kinoo kwenda Mutuini kumjulia Mama hali, lazima anidonoe miguu kabla sijakaribishwa chai.

Lakini Mama alikuwa ameliombea jambo hilo tangu mahindi yakiwa machanga. Alisema baba ameshapumzika, na yeye pia anataka kupumzika. Jumapili akambeba jogoo mpaka madhabahuni, akarudi kwenye benchi amebana midomo. Nilimwonea huruma hadi nikashindwa kuimba.

Kwetu, vitu vya shambani vinavyotolewa sadaka hupigwa mnada uwanjani baada ya ibada. Mama alibaki ndani kwenye mkutano wa akina mama, nami nikaona hapo ndipo mtoto mwema huonekana. Nikataja bei. Mama mmoja wa kwaya, ambaye mawazo yake yalikuwa yameshafika kwenye mchuzi, akapandisha. Nikapandwa na mori. Nilipomshinda watu walipiga makofi, jogoo akanidonoa kidole, na mtu wa bodaboda akanitoza nauli ya abiria wawili.

Mama alirudi nyumbani akiimba. Jogoo akawika kutoka jikoni, na wimbo ukakatika.

"Hiyo ni nini nimesikia?"

"Nimekununulia, Mum," nikasema, nikingoja baraka.

"Wewe! Nimepigana na Mungu miezi mingapi juu ya hiyo kuku? Leo nimeachilia. Sasa unaniletea tena?"

"Lakini kanisa imepata pesa."

"Mungu alikuwa anataka pesa yako ama kuku yangu?"

Alikaa akalia, kisha akampa jogoo mahindi, kisha akalia tena kwa sababu amempa mahindi. Nilijisikia vibaya sana.

Jumapili iliyofuata akamtoa upya. Mzee wa kanisa alimpokea huku akimkazia macho, kama mtu anayejaribu kukumbuka walikutana wapi. Safari hii Mama hakwenda mkutanoni. Alisimama kando yangu mnadani, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Usijali, sinunui," nikamnong'oneza.

Mama wa kwaya akataja bei. Hakuna aliyeongeza. Mzee akasema mara ya kwanza, mara ya pili, na vidole vya Mama vikanibana hadi nikaumia. Ndipo nikaelewa kwamba hakuwa ananizuia mimi. Nami nikamshika kwa nguvu, nikamshikilia mpaka mzee aliposema, "Imeenda."