Ufa Shingoni mwa Gitaa Jekundu

Nyakerario hakuamini kitu chochote kilichong'aa. Akinunua sufuria aliigeuza chini juu, akiuziwa viatu alivikunja katikati mpaka mwenye duka alalamike, na mlango akishaufunga alirudi kuusukuma tena kwa bega. Majirani zake wa Ekerenyo walimcheka kwa hilo. Tabia hiyo aliitoa Tabaka, kwao alikozaliwa, ambako tangu alipoacha shule darasa la sita mpaka alipoolewa kazi yake ilikuwa kusugua mawe. Wanaume walichimba na kuchonga, wanawake na wasichana wakakaa na beseni la maji na msasa wakilainisha mabakuli na vinyago vya twiga. Mama yake alimfundisha kulilowesha jiwe kabla ya kulipokea. Likiwa kavu, ufa hauonekani. Ukililowesha, uso wake hukauka upesi lakini ufa hubaki na maji yake, nawe unauona umelala pale kama unywele mweusi.

Kitu kimoja tu alikinunua bila kukikagua, nacho kilikuwa gitaa, kwa sababu hakujua gitaa hukaguliwa wapi. Binti yake Valentine alikuwa akiipigia kwaya ya vijana wa parokia gitaa la kuazima. Siku moja ya soko, kule Marani, Nyakerario akaona jipya lililochorwa maua, akalibeba. Miezi miwili haikuisha, shingo ikajikunja, nyuzi zikapaa juu kama kamba za kuanikia nguo. Valentine alilipiga hivyo hivyo hadi vidole vikachubuka. Osoro, mume wa Nyakerario, hakugomba. Alisema tu, "La pili nitalisikia. La tatu nisilisikie katika nyumba hii."

Sasa zamu ya hilo la pili ilikuwa imefika. Makori, mwenye bendi inayopiga kwenye harusi na hoteli za Kisii mjini, alimsikia Valentine kwenye sherehe moja ya kanisa, akamtaka. Lakini alimwekea sharti: aje Jumamosi na gitaa lake mwenyewe. Wala si lile bapa la mti mtupu, alisema, sauti yake kavu. Alitaka la umeme lenye tumbo, mbavu zake mbili ziwe tupu ndani na gogo la mti lipite katikati, maana hilo ndilo linaloimba bila kupiga kelele. Akija mikono mitupu, kuna kijana mwingine anangoja nafasi hiyo. Bonasi ya majani chai ilikuwa imeingia wiki hiyo hiyo. Ingetosha gitaa moja. Likiharibika, Valentine angerudi shambani kuchuma chai, na Nyakerario ndiye angekuwa amemrudisha huko mara ya pili.

Basi Alhamisi asubuhi mama na binti wakaingia Kisii mjini.

Duka lilikuwa la Ramila, mama wa Kihindi wa umri kama wake, aliyelishika tangu mumewe alipoanza kuugua magoti. Spika zilipangwa hadi darini, vinanda chini ya vioo, magitaa ukutani. Juu ya kaunta palibandikwa karatasi ya herufi kubwa: UKIVUNJA UMENUNUA. Nyakerario aliisoma, akauficha mkoba nyuma yake usije ukagusa kitu.

"Bwakire, mama," Ramila akamwamkia kwa Kigusii. "Msichana ndiye mpigaji, ama ni wewe?"

"Mimi napiga sufuria tu."

Ramila alicheka. Aliposikia wanachotaka, akashusha mawili. Yalifanana kama mapacha: tumbo pana, mashimo mawili yaliyojipinda kila upande, jina lile lile la dhahabu kichwani. Moja lilikuwa jekundu kama nyanya iliyoiva sana. La pili lilikuwa la kahawia, halina mvuto.

"Kampuni ni moja," Ramila alieleza, "lakini viwanda viwili. Angalia nyuma ya kichwa, nambari. Hii ya kahawia inaanza na herufi S, kiwanda cha zamani. Hii nyekundu inaanza na K, kiwanda kipya. Nyekundu bei yake iko chini kidogo. Na ya kahawia ina mwenyewe, kwaya ya Nyamira wameilipia arubuni. Nimeishusha mlinganishe tu."

Simu yake ikalia. Akasogea mlangoni kuongea.

Valentine alikuwa tayari amekaa na jekundu mapajani. Alipolichomeka kwenye spika na kugusa nyuzi, duka zima likajaa sauti laini, nzito kidogo, na uso wake ukafunguka namna ambayo mama yake hakuwa ameiona kwa muda mrefu. Hapo ndipo hofu ya Nyakerario ilipozidi.

"Sikia, Mama! Sikia hiyo!"

"Nasikia. Kwa nini unajikuna mkono?"

"Si kitu. Hivi vyuma vya shingoni vinakwaruza kidogo pembeni. Vitalainika."

Nyakerario alipitisha kidole kwenye ubavu wa shingo. Ncha za vile vyuma vyembamba zilimkata kama meno ya msumeno mdogo. Akapitisha kwenye lile la kahawia, halikumkwaruza hata kidogo. Akawasha tochi ya simu na kuchungulia kwenye shimo la tumbo. Ndani ya jekundu gundi ilikuwa imechuruzika na kukauka kama uji uliofurika sufuriani, na kando ya lile gogo la katikati palionekana mwanya ambao ungepitisha karata. Ndani ya lile la kahawia palikuwa safi, gogo limekaza juu na chini.

"Lete nilione nyuma," akasema.

Valentine alimpa bila kupenda. Bila kufikiri, kwa mkono ulioamka wenyewe kutoka miaka ya Tabaka, Nyakerario alilamba kidole gumba na kukipitisha pale shingo inapoingia mwilini.

Mate yakakauka. Ukabaki mstari mwembamba mweusi.

Alitazama ile karatasi ya juu ya kaunta, akatazama mgongo wa Ramila mlangoni. Je, ufa ulikuwepo tangu awali? Ama ni yeye ameutia kwa gumba lake la shamba? Hakukumbuka amekandamiza kwa nguvu kiasi gani. Alijiona analipa bonasi yote kwa gitaa lililopasuka na kulibeba hadi Ekerenyo, Osoro amesimama uani. Akauangalia tena ule mstari. Ulikuwa unafifia. Kufumba na kufumbua, ukatoweka, na ile rangi nyekundu ikawa inang'aa kama vile hakuna lililowahi kutokea.

Angeweza kunyamaza. Nani aliona?

"Ni hii, Mama," Valentine alisema. "Mwambie tunaichukua."

"Hatuchukui hiyo."

"Kwa nini?"

"Hatuichukui tu. Twende tutafute kwingine."

"Kwingine wapi? Leo Alhamisi!" Valentine aliishusha sauti, lakini ilitetemeka. "Wewe unaogopa kila kitu. Unaogopa mlango, unaogopa sufuria. Ile ya Marani hukuogopa, ukaniletea takataka. Sasa nimepata nzuri ndiyo unaogopa?"

Ramila alikuwa amekwisha kurudi, amesimama, anawatazama.

"Kuna nini, mama? Bei?"

"Si bei." Nyakerario alinyoosha kidole. "Naomba hiyo ya kahawia."

"Nimekwambia ina mwenyewe."

"Basi naomba maji. Kidogo tu, kwenye kifuniko."

Ramila alishangaa, akamletea kifuniko cha chupa. Nyakerario alichovya kidole, na mara hii alikigusisha taratibu kabisa, kama mtu anayempaka mtoto mchanga dawa ya jicho. Akangoja. Mstari ukarudi, kutoka ukingo hadi ukingo.

"Mama!" Ramila alilinyakua gitaa. "Umefanya nini hapa?"

"Sijafanya kitu. Nimegusa tu."

"Gitaa imetoka kwa boksi juzi, nzima. Wewe umeshika, sasa ina ufa. Unajua kusoma?" Akaionyesha karatasi.

"Najua."

Valentine alikuwa amesimama, mkono umefunika mdomo. Nyakerario alishika ukingo wa kaunta. Alikuwa ameshaanza, na kurudi nyuma sasa kungekuwa kukiri.

"Lete lingine la kiwanda hicho hicho," alisema. "Ambalo sijaligusa. Uliloweshe mwenyewe. Likiwa zima, nitalipa hili."

"Mama, usiseme hivyo," Valentine alinong'ona.

"Nimeshasema."

Ramila alisita. "Hii ni rangi tu. Rangi hupasuka, haidhuru mti."

"Ingekuwa rangi tu, maji yangekaa juu. Hii inakunywa. Shika kichwa chake uvute polepole, utazame."

Ramila alivuta kidogo. Ule mstari ulifumbuka, ukatoa sauti ndogo ya kukatika kwa kijiti, na ukucha wake mrefu uliopakwa rangi ukaingia. Alipolegeza nyuzi, mwanya ukajifunga. Aliingia stoo, akarudi na maboksi matatu, akayakata kwa kisu mwenyewe. Alilowesha kitambaa, akapitisha kwenye shingo ya la kwanza, herufi K. Wote watatu waliinama. Nyakerario alihisi midomo yake mwenyewe inaomba, na hakujua inaomba nini, maana kulitakia gitaa la mtu lipasuke ni dhambi.

Mstari ulitokea.

La pili halikuwa nao. Ramila alimtazama Nyakerario kwa jicho la pembeni. La tatu lilikuwa nao, mpana kuliko wote.

Ramila aliketi juu ya spika. Uso wake ulikuwa umebadilika, na Nyakerario aliutambua upesi, kwa kuwa uso wa namna hiyo aliuvaa yeye kila siku.

"Nimeuza mbili za K mwezi huu," Ramila alisema kwa sauti ndogo. "Moja kwa mwalimu. Moja kwa mtoto wa watu, mama yake alikuja naye kama wewe."

"Una simu zao?"

"Ninazo."

"Wapigie. Usingoje warudi."

"Wakinitukana?"

"Watakutukana kidogo. Wakijua ulijua ukanyamaza, hawatamaliza leo."

Ramila aliguna, karibu kucheka. Akasimama, akalishika lile gitaa la kahawia na kuliweka mbele ya Nyakerario. "Kwaya wana tamasha mwezi wa kumi na mbili. Nitawaagizia lingine la S kutoka Nairobi, nao nitawapigia leo hii. Hili kagua. Kagua unavyotaka, usiache hata mahali pamoja."

Nyakerario alikagua. Alilowesha shingo mbele na nyuma, akangoja, akalowesha tena. Alivuta kichwa. Aligonga tumbo kwa fundo la kidole, katikati likajibu zito, mbavuni likajibu kwa mwangwi, hapakuwa na mtetemo wa kitu kilicholegea. Alipitisha kidole ncha kwa ncha kwenye kila chuma. Hakupata kosa, na kutopata kosa nako kulimtisha, akaanza upya. Valentine hakumharakisha. Alisimama amelishika boksi wazi, macho mekundu.

Mwishowe walilipa. Ongezeko la bei Ramila hakulitaja, wala wao hawakuliuliza. Walipotoka, alikuwa ameinamia simu akisema, "Mwalimu, ni Ramila wa duka. Naomba usiipige hiyo gitaa kwanza."

Nje kulikuwa na mawingu. Nyakerario alivua leso akalifunika boksi, ingawa mvua ilikuwa haijaanza. Valentine alisogea karibu naye.

"Mama. Hata hii ikivunjika, sitakulaumu."

"Nyamaza!" Nyakerario aliligusa boksi haraka. "Usilitaje jambo hilo. Na shika kwa mikono miwili."